Kutoka jenereta ya petroli hadi pampu ya jua: anza na maji, paneli zifuate

Swali: Nina ekari moja ya zabibu na robo ekari ya nyanya nje kidogo ya Dodoma. Kisima kina kina cha mita 60, na pampu ya kuzama ya kilowati 1.5, fezi moja, imening'inia mita 45. Naiendesha kwa jenereta. Kiangazi inakunywa lita 10 za petroli kwa siku, saa saba mfululizo, na bado mwezi wa kumi mizabibu inanyong'onyea. Namwagilia kwa mifereji. Karatasi ya waliochimba inasema maji yametulia mita 24, na walipoyavuta lita 6,000 kwa saa kutwa nzima yalishuka yakasimama mita 38. Kutoka kisimani hadi kichwa cha shamba ni mita 90, mwinuko wa mita 6, bomba la milimita 40. Fundi mmoja ananiambia ninunue paneli kumi na betri nne. Mwingine anasema paneli nne bila betri zinatosha. Nimwamini nani, na je, pampu yangu itafaa?

Jibu: Mwamini wa paneli nne, kwa sharti moja: uachane na mifereji. Ukiendelea nayo, utahitaji paneli sita au saba, na hapo jua la saa sita mchana litataka kuvuta zaidi ya lita 8,000 kwa saa kutoka kisima kilichopimwa kwa lita 6,000. Tatizo litakuwa limehama kutoka kwenye petroli hadi kisimani. Pampu uliyonayo haifai, na sababu zake nitazieleza. Betri hazihitajiki kabisa.

Shukuru kwamba karatasi ya kisima unayo. Watu wengi huuliza idadi ya paneli bila kujua maji yao yanasimama wapi pampu ikiwa inavuta, na fundi anayejibu bila kuuliza hilo anakisia kwa pesa ya mteja.

Kwanza pima pampu yako inatoa nini hasa. Weka pipa la lita 200 kichwani mwa shamba, elekeza bomba, hesabu muda. Likijaa kwa dakika 2 na sekunde 24, unapata lita 5,000 kwa saa. Kwa mota ya kilowati 1.5 na kimo chako (jumla ya mita ambazo pampu inapandisha maji, pamoja na msuguano wa bomba), nategemea jibu liangukie hapo hapo, kwa hiyo hesabu zangu zote zinatumia 5,000. Ukipata tofauti, badilisha namba na ufuate njia ile ile.

Kwa saa saba, hiyo ni lita 35,000 au mita za ujazo 35. Sasa tazama petroli ilivyotumika. Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi, uniti zile zile (kilowati-saa) za mita ya LUKU. Lita zako 10 ni uniti 90. Nishati inayoingia kwenye maji inahesabiwa hivi: mita za ujazo zidisha kwa mita za kimo zidisha kwa 2.725, jibu ni wati-saa. Kimo chako cha sasa ni mita 52 (nitaonyesha nilivyoipata), basi 35 × 52 × 2.725 ni kama wati-saa 4,960, yaani uniti 5. Uniti 85 zimeishia kwenye joto la injini, moshi, mota na pampu yenyewe. Kisha mfereji wa udongo nao unapoteza karibu nusu ya maji kabla hayajafika kwenye mizizi. Ukichukulia kwamba asilimia 55 ndiyo inayomfikia mmea, katika uniti 90 ulizonunua kituoni, kazi iliyomfaa mzabibu haifiki uniti 3.

Ndiyo maana sikushauri kubadilisha injini tu. Ukiondoa jenereta ukaweka paneli, huku bomba jembamba na mifereji vikibaki, utakuwa unanunua paneli kwa ajili ya kusukuma hasara.

Mahitaji ya shamba lako yako hivi. Mwezi wa kumi Dodoma, hewa kavu na upepo huweza kunyonya milimita 6 hadi 7 za maji kwa siku kwenye eneo lenye majani mazima. Chukua 6.5. Mzabibu wenye majani kamili hutumia kama 0.7 ya hiyo. Nyanya zinazobeba matunda hutumia 1.15. Milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,047. Zabibu: 6.5 × 0.7 ni milimita 4.55, ambazo ni lita 18,400. Nyanya kwenye robo ekari: milimita 7.5, lita 7,600. Jumla lita 26,000 kwa siku, zikiwa zimefika kwenye mizizi.

Leo unasukuma 35,000, zinafika 19,000 hivi. Upungufu wa lita 7,000 kila siku ndio unaoifanya mizabibu inyong'onyee, na kununua jenereta kubwa zaidi kusingeuondoa bila kukichosha kisima. Kwa umwagiliaji wa matone unaosimamiwa vizuri, asilimia 90 inafika. Lita 26,000 gawanya kwa 0.9 unapata 29,000, tuseme 30,000. Utavuta maji machache kuliko leo, na mimea itakunywa zaidi.

Sasa kimo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu watu huhesabu kina cha kisima, au mahali pampu ilipofungwa. Mita 45 za pampu yako hazihusiki, isipokuwa kwenye urefu wa bomba. Kinachohesabiwa ni mahali uso wa maji unaposimama pampu ikifanya kazi. Yakitulia ni 24, kwa lita 6,000 ni 38, hivyo kwa lita 5,000 yatakuwa karibu 36. Ongeza mwinuko wa shamba, mita 6. Kisha msuguano wa bomba: lita 5,000 kwa saa ndani ya bomba la plastiki la HDPE la milimita 40, ambalo tundu lake ni 35 hivi, hupoteza mita 7 kwa kila mita 100. Una mita 90 za kulala na 45 za kusimama kisimani, jumla 135, basi msuguano peke yake ni mita 9.6. Jumla 52.

Badilisha bomba liwe la milimita 50 na msuguano unashuka hadi mita 2.3 kwa kila 100. Kwa mita zako 135 ni kama 3. Umeokoa mita 6.5. Hizo zinatosha kulipia kimo cha tangi lililoinuliwa, ambalo utalihitaji kwa matone: kitako chake mita 3 kutoka ardhini, maji yakiingia kwa juu kwenye mita 5.5. Jumla mpya: 36 + 6 + 5.5 + 3, na kidogo cha viungo na kona, mita 51. Tangi umelipata bila kuongeza hata wati moja. Na mtu akikuuzia rola la milimita 32 kwa sababu ni rahisi, kumbuka kwamba kwa mtiririko huu linakula mita 21 kwa kila 100. Kwa urefu wako ni mita 28 za kimo zinazolipiwa kwa paneli, kila siku, miaka yote.

Basi: 30 × 51 × 2.725 ni wati-saa 4,170. Pampu nzuri ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama unaotoka kwenye paneli) yenye mota isiyo na brashi, ikiunganishwa na kontrola yake (kisanduku kinachoiendesha kulingana na jua lililopo), hubadili kama nusu ya umeme kuwa kazi ndani ya maji. Kwa hiyo unahitaji uniti 8.3 za umeme kwa siku. Kiangazi Dodoma hesabu saa 5.5 za jua kamili. Mara nyingi utapata zaidi, lakini usipange kwa siku nzuri. Kutoka kwenye namba iliyoandikwa nyuma ya paneli, toa joto (kioo chenye nyuzi 65 kinapunguza nguvu kwa asilimia 14 hivi), vumbi, nyaya na tofauti za paneli kwa paneli. Kinachobaki ni kama 0.72. Sasa 8,300 gawanya kwa 5.5, gawanya tena kwa 0.72: wati 2,100. Paneli nne za wati 550 ni 2,200. Huyo ndiye fundi wako wa pili, na amehesabu vizuri.

Paneli ya 550 ya kweli ina urefu wa mita 2.28 na upana 1.13, na uzito wa kilo 28 hivi. Pima kwa futi ya fundi hapo hapo dukani. Eneo lake ni mita za mraba 2.58, na paneli bora za kawaida hutoa kama wati 210 kwa mita ya mraba. Ukikuta paneli ya mita 2 kwa 1 imebandikwa "550W", kibandiko ndicho chenye nguvu hizo. Ukiwa na multimita, iweke kwenye jua la saa sita: volti bila mzigo zikaribie 50 (kwenye joto kali zitashuka hadi 44 hivi), na ampea za kugusanisha waya zikaribie 13 au 14. Hakikisha kipimo chako kinamudu ampea hizo, vingi vya bei rahisi mwisho wake ni 10 na fyuzi itakatika.

Kwa nini pampu yako haifai

Mota ya fezi moja huanza kwa msaada wa kapasita iliyopangwa kwa mizunguko 50 tu ya umeme kwa sekunde, na kwa sekunde ile ya kuanza huvuta ampea mara nne hadi sita ya kawaida. Jenereta inamudu kwa kunguruma. Jua haliwezi: asubuhi lina nguvu kidogo, na kontrola hupunguza mzunguko ili pampu izunguke polepole kulingana na jua lililopo. Mota ya fezi moja ikizungushwa polepole haina nguvu ya kuanza, inasimama ikivuma, inapata joto, kapasita inapasuka. Kuna invata zinazotangazwa kuwa zinaweza. Nyingi hufanya hivyo kwa kulazimisha mzunguko kamili, maana yake pampu inawaka na kuzima kila wingu likipita.

Ingekuwa ya fezi tatu, mazungumzo yangekuwa mengine. Mota ya fezi tatu ya volti 220 huendeshwa vizuri na invata ya pampu ya jua, ila inataka volti 310 hivi za DC kuingia, na kwa paneli zenye volti 42 zikiwa kazini hiyo ni paneli nane mfululizo. Hapo unanunua paneli mara mbili ya mahitaji ili kufikisha volti tu. Kwa shamba la ukubwa wako, seti ya DC ya kilowati 1.5, pampu na kontrola yake kutoka kwa mtengenezaji mmoja, ni njia fupi.

Chagua ya mapangamapanga mengi ya chuma kisichoshika kutu, ya kipenyo cha inchi 4. Zile za skrubu ndani ya mpira zina ufanisi mzuri na hutoa maji hata jua likiwa dhaifu, lakini ni za maji machache kwa kimo kirefu, na mpira wake huliwa na mchanga au huungua zikizunguka bila maji. Kwa lita 5,000 na mita 51, mapanga ndiyo mahali pake. Kabla ya kununua, jaza ndoo nyeupe kutoka kisimani pampu ikiwa imeanza tu, iache itulie nusu saa, tazama chini. Kama kuna mchanga unaohisika kwa vidole, kisima kinahitaji kusafishwa kwanza kwa kompresa. Pampu mpya haitadumu humo.

Pampu ya mapanga ina tabia itakayokushtua siku ya kwanza. Kimo inachoweza kusukuma hupungua kwa mraba wa kasi: ikizunguka kwa asilimia 70 ya kasi yake, inasukuma nusu tu ya kimo. Saa mbili asubuhi utaisikia inazunguka na tone halitoki. Haijaharibika. Nguvu ikifika kama theluthi ya kamili, maji yanatokea ghafla. Usimpigie fundi simu kabla ya saa tatu.

Volti, mahali kontrola nyingi zinapofia

Paneli nne mfululizo zina volti 50 × 4, yaani 200, pampu ikiwa imezimwa. Hizo zimepimwa kwa nyuzi 25. Asubuhi ya mwezi wa saba Dodoma ikiwa nyuzi 12, volti hupanda kwa asilimia 3.5, unafika 207. Ziko kontrola nyingi zilizoandikwa kikomo cha volti 200. Zitafanya kazi wiki kadhaa, kisha asubuhi moja ya baridi zitakufa, na muuzaji atasema ni radi. Kanuni: volti za paneli bila mzigo, zidisha kwa idadi, zidisha kwa 1.1, jibu liwe chini ya kikomo cha kontrola. Kwako ni 220. Tafuta yenye kikomo cha 300 au 400.

Angalia na upande wa chini pia. Kazini, paneli zako zitatoa 42 × 4, volti 168, na kwenye joto kali zitashuka hadi 147 hivi. Kontrola inayotaka angalau volti 180 kuanza itazunguka asubuhi na kusimama mchana, jambo linalowachanganya watu wengi. Kwa hiyo kiwango cha kufanya kazi kijumuishe 140 hadi 170. Ukishindwa kupata kontrola ya namna hiyo, funga paneli mbili mbili mfululizo, jozi mbili sambamba, utumie pampu ya volti 72. Ila ampea zitakuwa maradufu na nyaya ziwe nene zaidi. Waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali wa mita 25 hupoteza volti 3 ukiwa na ampea 13 kwenye volti 168, asilimia isiyofika 2. Ampea 26 kwenye volti 84 kwa waya ule ule, unapoteza asilimia 7.

Betri na tangi

Betri nne za fundi wa kwanza, tuseme za ampea-saa 200 na volti 12, zinabeba uniti 9.6 kwa karatasi. Za asidi hazitakiwi kushushwa chini ya nusu kama unataka zidumu, kwa hiyo zina uniti 4.8 za kutumia. Siku moja ya maji inataka 8.3. Hata kwa mantiki yake mwenyewe hazitoshi, na baada ya miaka michache utazinunua upya. Umeme wako uuhifadhi ukiwa maji.

Tangi la plastiki la lita 10,000, simtank la kawaida, linakutosha, maana matone yanaweza kufunguliwa huku tangi likijaa. Lakini maji hayo ni tani 10. Mnara wa mabomba ya chuma yaliyochomelewa na fundi wa madirisha utapinda, na unapopinda huanguka upande mmoja kwa wakati mmoja. Kwa mita 3, jenga jukwaa la mawe na saruji kwenye msingi ulioshindiliwa. Kama upande wa juu wa shamba una kilima cha mita 2, panda nacho, ujenge mita 1 tu. Na tafadhali lisimame kusini mwa paneli, au mbali. Kivuli cha tangi kikiangukia paneli moja katika mfululizo wa nne, zote nne zinaumia.

Kwa kimo cha mita 3 hadi 5, nunua mipira ya matone ya presha ndogo, kipenyo milimita 16, urefu wa mstari usizidi mita 30. Usinunue ile yenye vitoa-matone vinavyojirekebisha presha. Ni mizuri, ila inataka presha ya kama mita 10, na kwenye tangi lako itavuja ovyo mwanzoni mwa mstari na kukauka mwishoni. Gawa shamba vipande vinne, kila kimoja na valvu yake, ufungue kwa zamu. Chujio la diski la matundu 120 kwa inchi liwekwe kati ya tangi na shamba na lioshwe kila wiki. Likichafuka hula mita 1 hadi 2 za kimo, na wewe una 3 tu.

Kufunga

Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta na sehemu kubwa ya kiangazi jua lina upande wa kaskazini. Usizilaze kabisa, vumbi halitateleza hata mvua ikinyesha. Ukingo wa chini uwe angalau mita 1 juu, mbuzi wasipande. Kila nguzo iingie kwenye zege la sentimita 40 kwa 40, kina 60, kwa sababu paneli nne ni mita za mraba 10 za tanga mbele ya upepo. Ukishakaza nati za kufungia paneli, zichomelee mbili tatu au utumie zile za kuzuia wizi.

Kati ya paneli na kontrola weka swichi ya DC iliyoandikwa DC, kwa volti zisizopungua 250. Hapa mafundi wa majumbani hukosea sana: huchukua breka ya kawaida ya nyumba. Umeme wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche hujizima yenyewe. Umeme wa paneli haupiti sifuri. Ukikata kwa breka ya nyumba pampu ikivuta, cheche inaendelea kuwaka ndani ya plastiki hadi inayeyuka. Ongeza kinga ya radi upande huo huo, na fimbo ya ardhi ya mita 1.5, fremu za paneli zote zikifungwa nayo. Kontrola ikae kivulini penye upepo, chini ya paneli kunafaa, kamwe si ndani ya sanduku la bati lililofungwa.

Kisimani, pampu ibaki mita 45, mradi isiwe mbele ya matundu ya bomba la kisima. Karatasi yako inaonyesha matundu yako wapi. Kebo ya kuzama ya nyuzi tatu, milimita za mraba 4, kiungo chake kifungwe kwa mpira wa kuyeyushwa na gundi, si gundi ya mkanda peke yake. Kamba ya chuma kisichoshika kutu, ili uzito usibebwe na kebo. Kihisio cha maji kifungwe mita 2 juu ya pampu. Kikikauka, kontrola inasimama yenyewe na kusubiri. Boya kwenye tangi liunganishwe na kontrola, vinginevyo siku ukiwa msibani maji yatamwagika hadi jioni. Mwisho, kontrola ina mahali pa kuweka kasi ya juu kabisa: siku ya kwanza, saa sita mchana, rudia jaribio la pipa, na kama linajaa kwa chini ya dakika 2 na sekunde 10, punguza kasi. Usivuke lita 5,500 kwa saa kwenye kisima hicho.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Osha paneli mara mbili kwa mwezi kiangazi, asubuhi na mapema zikiwa baridi, kwa maji na kitambaa laini bila sabuni ya unga. Kata matawi yanayoanza kuzifikia. Maji yakipungua, usianze kulaumu paneli: tazama chujio, kisha volti kwenye kontrola, kisha ampea. Volti nzuri na ampea ndogo huku maji hayatoki, mara nyingi valvu ya kuzuia maji yasirudi imekwama au bomba limetoboka ndani ya kisima.

Pesa

Lita 10 kwa siku kwa siku 150 za kumwagilia ni lita 1,500. Chukua bei ya juu ambayo EWURA hutangaza kila mwezi uizidishe. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni milioni 4.5 kwa msimu, kabla ya oili, plagi na matengenezo. Linganisha na nukuu utakazopewa, ukijumuisha bomba, tangi na matone, si paneli na pampu pekee. Kama fedha hazitoshi kwa mkupuo, anza na bomba la milimita 50, tangi na matone, ukitumia jenereta msimu mmoja zaidi. Petroli itapungua kidogo tu, lakini mizabibu itapata maji yake kamili, na mavuno ya msimu huo yachangie pampu. Ukianza na paneli ukaacha mifereji, utarudi kwenye upungufu ule ule.

Kama nguzo ya TANESCO iko karibu na kisima, omba kwanza gharama ya kuunganishwa. Pampu yako ya sasa ingefaa moja kwa moja, na gridi yenyewe sasa inabebwa kwa sehemu kubwa na maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Sioni sababu ya mtu kununua paneli kwa sababu ni za kisasa wakati waya unapita uani kwake.

Jenereta usiuze mara moja. Mawingu ya Dodoma huja Desemba hadi Aprili pamoja na mvua, wakati unahitaji maji machache, kwa hiyo hutaikumbuka sana. Lakini pampu ya zamani ikiwa imehifadhiwa na jenereta ipo, kontrola ikiungua mwezi wa kumi hutapoteza nyanya ukisubiri vipuri. Kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde lako nacho kikague. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakihitaji, na pampu isiyo na gharama ya mafuta inamshawishi mtu kuvuta zaidi ya alichoomba.

Unapoomba nukuu, mtake fundi aandike kwenye karatasi: lita kwa siku kwa mwezi wa kumi, kimo chote alichotumia na alivyokipata, volti za juu za kontrola, kipenyo cha kila bomba, na nani atakayekuja pampu ikisimama. Asiyeweza kuandika kimo, mshukuru na uendelee na mwingine.